Mtu Mzima wa Miaka Kumi na Sita

Wiki iliyopita nilikwenda mahakamani Mbinga kumsindikiza jirani mwenye kesi ya mpaka, nikakuta kijana wa Maguu kizimbani, mrefu, miguu peku. Alikuwa amekamatwa na gunia la kahawa aliloliiba kwa mnunuzi binafsi, mmoja wa hawa waliomiminika tangu soko la kahawa lifunguliwe kwa watu binafsi, na alikiri bila kuzunguka.

"Mama, mwanao ana umri gani?" hakimu aliuliza.

Jamaa mmoja alimnong'oneza mama, "Sema kumi na tano." Sote tulisikia.

"Kumi na sita ametimiza, Mheshimiwa," mama alijibu. "Siwezi kudanganya."

Hakimu alivua miwani, akafikicha macho. "Basi kisheria ni mtu mzima; mahakama ya watoto inaishia kumi na tano. Miezi sita jela."

"Mtu mzima?" Mama alisimama. "Wakati wa uchaguzi alikwenda kujiandikisha, mkamfukuza, mkasema ni mtoto!"

Watu walicheka. Hakimu hakucheka, wala hukumu haikubadilika.

Nje, kijana alipokuwa akipandishwa kwenye gari la kwenda gereza la Songea, mama alimshika askari shati. "Baba, huko atalala na nani?"

"Na watu wazima wenzake, mama," askari alijibu, akitazama pembeni.

Tangu siku hiyo sijatulia. Waheshimiwa wabunge, pandisheni umri huo wa utu uzima mahakamani ulingane na ule wa kura, miaka kumi na minane. Kijana ambaye hajakomaa kumchagua diwani, amekomaaje kulala chumba kimoja na majambazi?