Mwaka Niliomnyamazisha Bibi

Binti yangu alipozaliwa hakulia. Wakunga walimhamishia meza ya pembeni, wakamsugua mgongo, wakampa hewa, na mimi nikabaki natazama migongo yao nikisubiri sauti. Ilipokuja ilikuwa nyembamba sana. Niliwapigia simu ndugu nikawaambia mtoto amezaliwa salama, na baadaye nikajiaminisha hivyo mwenyewe.

Alikaa akiwa na miezi kumi na moja. Alitembea akiwa amepita miaka miwili. Majirani zetu wa Nyegezi walinituliza: mmoja alisema watoto wanene huchelewa, mwingine kwamba baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Nilitaka sana kuwaamini, lakini mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, watoto nawajua. Wangu hakunyooshea kitu kidole. Ukimwita, mara nyingi hageuki. Kwenye kadi ya kliniki uzito wake ulikuwa unapanda vizuri, basi nikawa naifungua kadi ile kila hofu iliponijia.

Alipofika miaka miwili na nusu bila neno hata moja, hofu ikageuka hasira, nikaanza kutafuta wa kumlaumu. Hakuwa mbali. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Magu kutulelea mtoto, na kutwa nzima alimsemesha Kisukuma. Mimi ni wa ng'ambo ya ziwa, Bukoba. Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu na bei za sokoni. Shuleni kila kikao tuliwaambia wazazi waongee Kiswahili nyumbani, wasiwachanganye watoto. Somo lile nikalibeba hadi sebuleni kwangu.

"Mama," nilimwambia, nikiwa nimepiga goti kama nilivyolelewa, "naomba uongee naye Kiswahili tu. Lugha mbili zinamchanganya."

"Kiswahili changu mwenyewe si unakisikia, mwanangu? Nitamwambia nini?"

"Hata kidogo kinatosha, Mama."

Hakubishana. Mwaka mzima alimwambia mtoto njoo, kula, kaa hapo, basi. Yale masimulizi marefu aliyokuwa akimpa huku anachambua mchele, ambayo yalimfanya mtoto acheke hadi aanguke, yalikoma. Nyumba ikawa kimya, nami nikajisifu kwamba sasa kuna utaratibu.

Kisha mtoto akaanza tabia mpya. Alikuwa anapanda mapajani kwa bibi yake na kumsukumia vidole kwenye midomo. Kila nilipomkuta nilimchapa kiganja. "Adabu!" nilimwambia. Bibi alikuwa anatazama mlangoni.

Umri wa shule ulikuwa unakuja na usingizi ukanipaa. Nilijua kinachowapata watoto kama yeye katika madarasa yetu yaliyojaa. Wanakaa nyuma, wanaitwa wazito. Mimi mwenyewe niliwahi kuwakalisha huko. Ndipo nikampeleka hospitali, bibi yake akiwa amembeba.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alimpima masikio kwanza, akasema anasikia. Akauliza kama mtoto alilia mara tu alipozaliwa. Safari hii nilisema kweli. Aliandika, kisha akanieleza kwamba kukosa hewa kunaweza kuwa ndicho chanzo, ila hawezi kuapa. Kwa watoto wengine chanzo hakijulikani kabisa. Atajifunza, alisema, lakini polepole, kwa mazoezi, na kwa kusemeshwa sana.

"Nani anashinda naye?"

"Bibi yake."

"Bibi, unamsemesha mjukuu?"

Mama mkwe alinitazama mimi. Nikajibu kwamba nilimkataza, na kwa nini.

"Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, mwalimu," alisema daktari kwa upole ulioniumiza zaidi. "Asemeshwe lugha ambayo bibi anaiongea kwa raha."

Mtoto alikuwa tayari ameweka vidole kwenye midomo ya bibi yake. Mkono wangu ukainuka kwa mazoea.

"Mwache," daktari akasema. "Huo si utundu. Anaomba maneno. Ameanza lini?"

Nilijua ameanza lini. Nilijua pia jambo ambalo sikumwambia daktari: kabla ya hofu, kabla ya mambo ya shule, nilikuwa nawaonea wivu wale wawili kwa kucheka kitu nisichokielewa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mama mkwe, mtu mzima aliyemzaa mume wangu, bado alikuwa ananitazama, anangoja ruhusa ya kuongea na mjukuu wake.

"Ongea naye, Mama," nikasema. "Kisukuma."

Akaanza taratibu, sauti imemkauka. Sikuelewa hata neno moja. Mtoto hakutamka kitu. Lakini alishusha vidole vyake, akaviweka mapajani, akasikiliza.