Nani Alimpigia Simu Mkuu wa Ulinzi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mlinzi wa mlangoni benki, wa bunduki, si wa kirungu. Nalisema hilo mapema kwa sababu yeye mwenyewe hulisema mapema. Ukimwita mlinzi ukaishia hapo, atakusahihisha: wa kirungu wanafungua geti, wa bunduki wanalinda fedha. Mtaa mzima unamwita Kamanda. Mimi namwita wifi, na mawifi mnatujua: tunapendana huku tunachunguzana.

Kutwa nzima anasimama kando ya mlango wa kioo, mtutu ukielekea sakafuni, kidole kikiwa mbali na triga. Jioni walinzi wote wanarudi ofisini kwao, ambako kuna pipa la mchanga. Kila mmoja anaelekeza mtutu kwenye pipa, anatoa risasi moja moja huku akihesabu kwa sauti, anachungulia, anasema "tupu". Mwenzake naye anachungulia, anasema "tupu". Ndipo bunduki inafungiwa kwenye kabati la chuma na ufunguo unabaki kwa mkuu wa ulinzi. Bunduki hiyo haijavuka kizingiti cha nyumba ya kaka yangu hata siku moja, na naomba mlikumbuke hilo.

Sasa niseme na lile ambalo kwetu halisemwi. Wifi alipojifungua mtoto wa pili, aliugua akili. Hakulala. Alikataa kumnyonyesha mtoto, akisema wamembadilishia hospitalini, wa kwake wamempeleka kwingine. Mimi ndiye niliyemlea kile kichanga, na mimi ndiye niliyeficha visu vyote vya jikoni chini ya godoro langu. Alilazwa, akatibiwa, akapona. Yule mtoto leo anasoma, anamsumbua mama yake amnunulie viatu vya mpira kama mtoto mwingine yeyote, na wifi alipopona ndipo alipoomba kazi ya ulinzi akaipata.

Kisha ikaja sheria mpya. Aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili asishike silaha mpaka daktari amchunguze, na ndugu wawili wanaoishi naye waulizwe. Mwenye wasiwasi na mlinzi yeyote ampigie simu mkuu wa ulinzi, jina lake halitatajwa. Mimi sheria yenyewe siigombezi. Kwa siku zile za visu, ningeipigia makofi. Kilichonichoma ni hicho kipande cha jina kutotajwa.

Maana haukupita muda, mkuu wa ulinzi akamwita wifi ofisini, akafunga mlango. "Kamanda, kuna mtu amepiga simu. Anasema uliwahi kulazwa, na sasa imeanza kurudi." Palepale akanyang'anywa bunduki, akapewa kirungu, akapelekwa kwenye maegesho kufungulia wenye magari geti. Daktari akimkataa, unga umemwagika. Na nyumba ile ilikuwa inasimama kwa mshahara wake, kwa sababu kaka ni fundi wa mafriji, na mafriji yana msimu.

Tukaanza kutafuta mchawi.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Mama anaishi nasi, na suruali ya kazi ya wifi haijawahi kumpendeza. Nikamvizia akipepeta mchele.

"Mama, wewe siku hizi unampigia nani simu?"

"Simu ipi? Hii isiyo na chaji?"

"Nauliza tu."

"Kamuulize na baba yako alikozikwa, labda nimempigia yeye."

Nikamwacha, lakini sikumtoa kwenye hesabu. Wa pili alikuwa mlinzi mwenzake wifi, tunayemwita Mbavu, kwa sababu hana nyama nyingine mwilini. Ndiye aliyewekwa pale kwenye mlango wa kioo badala yake. Wifi akaapa kwamba ni yeye: anatabasamu mno, salamu zake zimekuwa ndefu. Mimi nikasema huenda jamaa ana furaha zake tu. Wifi akanitupia jicho, nikajua kwamba na mimi nimeingia kwenye orodha.

Maisha nyumbani yakawa ya kunyatiana. Kubwa zaidi ni kwamba wifi alipoteza ruhusa ya kukasirika. Mtu mwingine akigomba, amegomba. Yeye akiinua sauti kidogo, nyumba nzima inanyamaza na kumtazama. Siku moja sufuria lilimponyoka, na kabla halijaacha kulia sakafuni, kaka alikuwa ameshasimama mlangoni, uso umemshuka.

"Uko sawa, mama watoto?"

"Sufuria ndilo lililoanguka. Liulize lenyewe."

Alicheka aliposema hivyo. Kisha akaacha kucheka, nadhani kwa kuhofia kwamba kicheko nacho kingepigiwa simu. Nilimwonea huruma mpaka nikaona uchungu. Hakuna adhabu mbaya kama kumwambia mtu athibitishe kwamba ni mzima, mbele ya watu wanaomngoja aharibikiwe.

Siku ya daktari tulikwenda watatu, wifi, kaka na mimi. Chumba kilikuwa na meza, feni iliyokwama na kalenda ya kampuni ya dawa. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake nao nikaushuku. Akamuuliza wifi habari za usingizi, chakula, watoto. Wifi alijibu vizuri. Kisha likaja swali lenyewe.

"Je, huwa unahisi kwamba watu wanakusema, au wanakutazama?"

Akisema hapana, kadanganya. Akisema ndiyo, kajimaliza.

"Nahisi, daktari," wifi akasema. "Mmoja alinisema kwa simu. Na wewe unanitazama sasa hivi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nikajua hapo tumevuka.

Akanigeukia mimi. "Wewe unaishi naye. Una hofu yoyote naye?"

"Hofu yangu ni mapishi yake tu," nikasema.

"Na wewe, bwana? Una hofu yoyote na mkeo?"

Kaka akatazama viatu vyake. Lilikuwa swali la kujibiwa kabla halijaisha. Akajikohoza. Akasugua magoti kwa viganja. Wifi aligeuza shingo polepole kumtazama, na mimi nikamtazama wifi, na wote wawili tukajua pamoja ni nani aliyepiga ile simu.

"Hapana," kaka akasema mwishowe.

Daktari alimsubiri kidogo, labda ana la kuongeza. Akamwambia wifi kwamba haoni sababu ya kumzuia, arudi kwenye bunduki yake, na akiona usingizi unapotea aje mapema bila kuogopa.

Tulipofika kwenye korido wifi akasimama.

"Ni wewe," alisema.

Kaka hakukana. "Nilikuona stoo alfajiri. Umeshika ufagio, unahesabu peke yako, unachungulia mpini, unasema 'tupu, tupu'. Nikasema basi, imerudi."

Ufagio! Nilitaka kucheka na kumpiga kibao kwa wakati mmoja. Ofisini kwao walikuwa wametangaza mtihani wa kuchagua walinzi watakaosindikiza magari ya fedha, na wifi alikuwa akijifunza kule kutoa risasi na kuhesabu, amejificha stoo ili mama asimcheke. Mimi nilijua kwa sababu nilimuuliza. Nilifungua mlango wa stoo nikasema, wifi, huo ufagio umekukosea nini, akanieleza.

"Yalikuwa mazoezi, baba watoto," akamwambia. "Ya kupandishwa cheo. Ungeniuliza."

"Niliogopa."

"Uliogopa bunduki? Si unajua inalala ofisini?"

Kaka alikuna kichwa. Watu walikuwa wakipita, mmoja amembeba mtoto, na yeye akasubiri wapite.

"Sikuogopa bunduki," akasema.

Wifi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa chenji na kuikuta kamili. Akaweka kofia yake ya kazi kichwani, akaikaza.

"Basi ungepiga simu kwetu, waje wanichukue, mimi mtoto wao," akasema. "Kazi yangu ungeniachia."

Akashuka ngazi kwenda kuchukua bunduki yake. Kaka alinitazama akitaka nimtetee, lakini nilishaanza kushuka nyuma ya wifi.