Mkunde Uliofungwa Kitambaa

Hebu niambie, rafiki yangu: wewe ulifundishwaje kwamba mzizi kwa Kiingereza ni root? Labda uliona mchoro ubaoni, labda kitabuni. Mimi nilijifunza kwa mmea ambao sikuwa na ruhusa ya kuugusa. Keti, nitakueleza polepole.

Nimekumbushwa na binti yangu. Juzi alirudi nyumbani na kazi ya shule: abandike picha ya mmea daftarini na aandike sehemu zake kwa Kiingereza. Tukatembea hadi duka la kuchapisha hapa Mumbuni, na kwa dakika moja mmea ukatoka kwenye mashine, msafi kabisa, hauna hata chembe ya udongo. Niliutazama nikacheka, na njia nzima nikawa namkumbuka nyanya yangu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa darasa la tatu, nikiishi kwa nyanya yangu upande wa Yatta, mwendo mrefu kwa miguu kutoka soko la Kithimani. Nyanya tulimwita Susu, kama Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Jioni, kazi yangu ilikuwa kuchuma majani ya kunde. Ukiyavuta yanatoa mlio mdogo, tap, tap, na vidole vinabaki na rangi ya kijani hadi kesho. Susu aliyapika kwa mvuke mdogo, akatupakulia juu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na moshi wa kuni ukawa kama kiungo cha mwisho.

Lakini kulikuwa na mikunde tusiyoruhusiwa kuichuma. Kila msimu Susu alipita shambani akachagua mimea iliyo na nguvu kuliko mingine, akafunga kila mmoja kitambaa alichochana kwenye leso kuukuu. Hiyo ilikuwa ya mbegu. Mbegu zenyewe alipewa na mama yake alipoolewa, na hazikuwahi kununuliwa dukani. Msimu ninaousimulia mvua ilikatika mapema, na wadudu walikuwa wamemaliza akiba ya mbegu kwenye kibuyu. Kitambaa kilikuwa kimoja tu shamba zima.

Januari, shule zilipofunguliwa, tukapata mwalimu mpya wa Kiingereza, binti wa familia ya Kiislamu ya mjini Machakos. Alivaa buibui, na Kiswahili chake kilikuwa laini hadi tukaona aibu kujibu. Siku moja akasema, "Kesho kila mtu alete mmea mzima. Nataka mizizi, shina, majani, na maua kama yapo. Mmea mzuri kuliko yote nitaushika mbele nikifundisha."

Usiku sikuwaza kingine. Asubuhi na mapema nikaenda shambani. Kila mkunde nilioutazama ulikuwa na upara, maana majani tulikuwa tumeyala. Mmoja tu ulikuwa na kila kitu: majani mapana, maua ya zambarau na maganda marefu. Na mimi nilijijibu kitoto: Susu alikataza kuchuma. Kung'oa hakukutaja. Nikaung'oa, nikautia kwenye juala la plastiki, nikakimbia.

Mwalimu aliuchagua mara moja. Akauinua. "Root!" akasema, akigusa mzizi, na udongo ukamwangukia kwenye mkono wa buibui. "Ruuti!" tukaitikia. "Stem!" "Sitemu!" "Leaf!" "Livu!" Nilijiona mrefu kuliko darasa. Kisha jirani yangu wa dawati akaona kile kitambaa.

"We! Hiyo si ni ya mbegu?" akanong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Leo utakula mboga ya mawe. Susu wako atakumaliza!"

Darasa likacheka. Mimi nikalia. Mwalimu akaushusha mmea, akaniuliza kitambaa kile ni cha nini, nami nikamweleza kwa Kiswahili kilichojaa Kikamba na kamasi. Hakunichapa. Alilowesha gazeti, akafunga mizizi, na shule ilipoisha tukaenda pamoja.

Susu alikuwa amesimama shambani, kando ya shimo nilipoung'oa mkunde.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema. "Kosa ni langu. Nilimwambia alete mmea mzima niwafundishe mizizi, shina na majani. Sikumwambia autoe wapi."

"Mwalimu, huyu ako na masikio mawili," Susu akajibu. "Moja lilikusikia wewe. Hilo lingine lilikuwa wapi?" Akaupokea mmea, akaugeuza, akabonyeza maganda moja moja. "Na mimi niko na swali. Umewafundisha mizizi, shina, jani. Hii ya ndani?"

"Hiyo ni seed, mama. Ni ya wiki ijayo."

"Ya wiki ijayo!" Susu akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi ningeanza na hiyo."

Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba mkunde uking'olewa haufi palepale. Maganda yakiwa yamekaribia kukomaa, shina litaendelea kuyalisha kidogo kidogo. Akauning'iniza juu ya mafiga, mizizi ikitazama paa, moshi ukiwazuia wadudu. Kila jioni niliinua macho. Maua yalianguka. Maganda mengine yalinyauka yakiwa matupu. Matatu yakakauka vizuri, na Susu akaniamuru niyapasue mwenyewe juu ya ungo. Mbegu hazikujaa hata kiganja changu. Mvua ya Machi ilipokuja nilizipanda kwa mkono wangu, nikazilinda dhidi ya kuku kama askari, nazo zikaota.

Ziliendelea kuota misimu mingi. Kisha Susu akatutoka. Siku za matanga watu walikuwa wengi, na waliokuwa jikoni walipika kila nafaka waliyoikuta, pamoja na mbegu za kwenye kibuyu. Hakuna wa kulaumiwa. Wageni lazima wale. Lakini zile kunde za maua ya zambarau sijaziona tena, wala Kithimani sokoni, wala kwa majirani. Nimeuliza. Siku hizi watu hununua mbegu za pakiti, na watoto hununua picha.

Kwa hiyo ukitaka kumfundisha mtoto sehemu za mmea, fanya hivi. Chukua mkebe, utoboe chini, ujaze udongo, upande kunde mbili. Mwache mtoto amwagilie maji kila siku ya pili. Zikifika urefu wa shubiri, mwambie ang'oe mmoja, autandaze kwenye gazeti na ataje kila sehemu kwa sauti. Huo mwingine uacheni mpaka maganda yakauke, kisha wekeni mbegu zake mahali ambapo hata mgeni atajua si za kupika.