Kondoo Wasiozeeka wa Chimala

Marehemu mume wangu alifariki Jumatano, tarehe 14 Machi 1973. Miezi mitatu kabla yake alikuwa amewaweka wakfu kondoo kumi na wawili kwa ajili ya msikiti mdogo wa Chimala, ili baadhi yao wauzwe kila mwaka na taa ya msikiti isikose mafuta. Kundi alilikabidhi kwa mdogo wake, mfugaji wa bonde la Usangu. Hakuandika chochote. Aliamini ndugu hawaandikiani, na mimi wakati huo sikujua kusoma.

Nilianza elimu ya watu wazima mjini Mbeya Januari 1974, nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Cheti changu kimetundikwa ukutani, juu kidogo ya picha ya marehemu. Naamini angekubali.

Mwezi Juni 1976 niliarifiwa kwamba taa ya Chimala imezimika. Nikapanda basi kwenda kumuuliza shemeji yangu.

"Kondoo wa kaka wamekwisha kufa, shemeji," alijibu bila kupepesa macho, kundi zima likilia nyuma yake.

"Na hawa?"

"Hawa ni watoto wao. Kaka hakuwataja watoto."

Nilirudi Mbeya nimefura. Chumba changu cha uani alikuwa amekipanga mwalimu wa sekondari, Mhindi kutoka kusini kabisa mwa India, ambaye alikuwa na karatasi kubwa zenye nakala za maandishi yaliyochongwa katika kuta za mahekalu ya kwao, karibu miaka elfu moja iliyopita. Nilipomsimulia kisa changu alicheka, akakunjua moja na kunifasiria. Kwanza ulikuja ukoo wa mfalme: babu, baba, mwana, kila mmoja na sifa zake na vita alivyoshinda. Nilikaribia kusinzia. Ndipo ikafuata sadaka yenyewe: kondoo tisini na sita kwa ajili ya taa ya hekalu, kondoo wasiokufa wala kuzeeka. Mwisho kabisa, laana kwa atakayeivunja.

"Kondoo gani hao, Mwalimu?"

"Mama, anayezaliwa huchukua nafasi ya anayekufa. Hesabu haipungui maadamu jua na mwezi vipo."

Usingizi ukaniruka. Nikaelewa pia kwa nini ukoo ulitangulia: anayesikia akisifiwa haondoki.

Jumamosi, tarehe 7 Agosti, fundi alinimwagia kibao cha saruji, nami nikakiandika kwa msumari kingali kibichi. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, kilisimamishwa katika ua wa msikiti wa Chimala. Sheikh aliniomba nisome, kwa kuwa mwandiko ni wangu.

"Huu ni ukoo wa yule aliyevuka Ruaha na fimbo moja, akarudi na ng'ombe arobaini. Mwanawe wa kwanza, mwenye mkono mkunjufu, aliwasha taa hii. Mwanawe wa pili ni ngao ya Usangu, ambaye hata fahali humpisha njia."

"Rudia hapo," alisema shemeji.

Nilirudia mara mbili. Alikuwa amesogea mbele, kifua kimeijaza kanzu.

"Yeye ndiye mlinzi wa kondoo kumi na wawili wa taa hii, wasiokufa wala kuzeeka, kwa kuwa mtoto huchukua nafasi ya mama yake. Atakayeizima, dhambi yake ni sawa na ya mtu aliyeziba mfereji wa jirani wakati wa kupandikiza mpunga."

Wakulima waliotoka Ubaruku waliguna kwa hofu. Shemeji alinitazama kwa jicho kali.

"Hayo ya chini nani kakutuma?"

"Saruji imekwisha kukauka, shemeji. Tukiyataka yatoke, tuvunje kibao chote, pamoja na ngao ya Usangu."

Alikitazama kibao. Akawatazama watu, ambao nao walikuwa wakimtazama. Akakohoa.

"Ng'ombe walikuwa sitini," alisema hatimaye. "Siyo arobaini."

Kondoo waliletwa Jumatatu, na jioni hiyo taa ikawaka. Nilikuwapo kuwapokea. Mmoja alikuwa dume mzee, kibogoyo, anayechechemea. Nikamrudisha siku hiyo hiyo, na ujumbe kwa shemeji kwamba asome tena mstari wa wasiozeeka.