Msusi wangu aliuona upara wangu kabla yangu, akaufunika

Wakuu, salamu kutoka pande za Ruiri.

Mimi huku ni msomaji tu. Nasoma visa vya wenzangu, nacheka, nalala. Leo nimeamua kuandika changu, na sitatia chumvi kwa sababu hakihitaji. Kina uchungu wa kutosha hivi hivi kilivyo. Walioko kwenye fani ya udaktari wakiona nimekosea jina la kitu, wanisahihishe polepole.

Niwaambie kwanza mimi ni nani, ndiyo muelewe hasira yangu. Nina agrovet ndogo. Nauza mbegu, mbolea, dawa za mimea na za mifugo. Wakulima wa viazi hushuka kutoka Kibirichia na jani moja mkononi, limeshikwa shikwa mpaka limenyauka, wanataka dawa sasa hivi.

Na mimi huwa mkali. Nawaambia jani peke yake halinisaidii. Ng'oa mmea mzima, niletee na mizizi yake, na usipulize kitu chochote kabla hatujajua ni ugonjwa gani.

Hayo nilikuwa nayasema kila siku nikiwa nimefunga kitambaa kichwani.

Ilianza kwa kuwashwa utosini. Si kuwashwa kwa mba. Nikijikuna panauma, kama mahali pamemwagikiwa chai ya moto. Nywele za hapo zikawa hazikui, zinakatika tu. Nilipomzaa binti yangu Mwende, wanawake wa kanisani waliniambia nisijali, mtoto akianza kumtambua mama yake nywele za mama huanguka.

Ni kweli huwa zinaanguka baada ya kuzaa, nimekuja kuthibitishiwa na daktari. Lakini hizo huanguka kichwa kizima na hurudi zenyewe. Zangu zilikuwa zinaisha mahali pamoja, na mahali penyewe ni pale ambapo mtu hawezi kujiona hata akisimama mbele ya kioo mpaka kesho.

Anayepaona ni msusi.

Msusi wangu anaitwa Kagendo. Ana saluni Meru mjini, na ni binamu wa mume wangu Mutwiri. Ndiye aliyenitengeneza siku ya harusi, na tangu hapo sikuwahi kumpa mtu mwingine kichwa changu. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti namwambia, "Kagendo, hapa juu kunaniwasha." Ananijibu, "Ni jasho tu hiyo, tutapaka mafuta." Anapaka, tunaendelea na stori.

Baadaye akaanza kunibadilishia mitindo. Mistari ambayo ilikuwa inapanda juu akaanza kuilaza upande. Halafu akaniambia mistari imepitwa na wakati, akaniwekea weave, zile nywele za kushonea, ya kufunika kichwa chote. Nilidhani ananipendezesha. Nilikuwa namshukuru, wakuu. Nilikuwa nambebea viazi.

Wakati huo huo, kwa wakwe zangu Kibirichia mambo yakageuka.

Tukienda kutembea, kila mtu anamiminiwa chai kwenye kikombe chochote kilicho karibu. Mimi nikaanza kuletewa kimoja tu, kile cha bati cha bluu. Kikitoka kwangu kinaoshwa peke yake na kuwekwa rafu ya peke yake. Nikaona labda ni heshima, labda nimekuwa mgeni wa maana. Mjinga mimi.

Siku moja Mutwiri akanisimulia akicheka kwamba mama yake amemwambia anipeleke nikapimwe. Mimi sikucheka. Tulikuwa tumepimwa ukimwi wote wawili nikiwa mjamzito, majibu yakawa safi, na karatasi tunazo. Nikamuuliza mama ametoa wapi maneno hayo, akasema wazee huwa na mambo yao. Tukaacha hivyo.

Halafu Kagendo akafunga saluni akaenda matanga, na mimi weave ilikuwa imenichosha. Nikaifumua mwenyewe nyumbani.

Vidole vyangu vikafika utosini vikateleza.

Sijui niwaelezeje. Ukigusa kichwa chako unategemea kukuta nywele, hata kama ni fupi. Mimi nilikuta ngozi tupu, laini kama goti. Nikamwita Mutwiri apige picha kwa simu. Akapiga, akaiangalia. Halafu akasema, "Kaa chini kwanza."

Upara mkubwa kama kisahani cha kikombe. Unang'aa. Katikati vinywele vichache vimesimama vyenyewe, vimesahaulika. Nililia mpaka Mwende akaanza kulia na yeye hajui tunalilia nini.

Basi mimi, yule mkali wa dukani, nikaanza kupuliza dawa. Maji ya kitunguu. Mafuta ya rosemary. Dada mmoja wa kanisani akanipaka mafuta ya maombi. Mwenye duka la dawa mjini akaniambia ni mapunye, akanipa krimu. Ilipoisha bila kazi, nikashusha kwenye rafu yangu mwenyewe yale mafuta ya ndama wenye mapunye, nikajipaka. Chekeni tu, nimewaruhusu. Nilinuka zizi wiki nzima na hakuna unywele uliotoka.

Mwishowe nikaenda hospitali. Daktari wa kwanza alikuwa na akili. Hakunipa dawa yoyote, alitaka damu kwanza. Akapima kama nina upungufu wa madini ya chuma, akapima na thyroid, ile tezi ya shingoni, akaniambia hivyo viwili hupukutisha sana nywele za wanawake na watu hawajui. Zote zikawa sawa. Akanielekeza kwa daktari wa ngozi aliyeko Embu.

Huyo wa Embu ni mama mtu mzima, haongei sana. Alinitoa kitambaa mwenyewe, akawasha kidude chenye taa na lenzi, akakipitisha kichwani taratibu. Akaniuliza kama mama yangu au dada zangu wana shida hiyo. Akaniuliza kama panauma, tangu lini. Halafu akaniambia hataki kubahatisha, atakata kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara.

Nikataka kucheka. Mmea mzima na mizizi yake.

Majibu yalipotoka akanieleza polepole. Hiyo kitu inaitwa scarring alopecia. Uvimbe wa ndani kwa ndani unashambulia mashina ya nywele, yanakufa moja moja, halafu ngozi inaziba pale kwa kovu. Si uchafu, si mapunye, si ukimwi, si laana ya mtu. Kusuka kwa kuvuta kunaweza kuongeza shida lakini si lazima ndiyo chanzo, nyingine iko kwenye damu ya ukoo. Dawa ipo, sindano za kichwani na vidonge. Ila dawa inazuia kusambaa tu.

Nikamuuliza swali moja lililokuwa limenibana. Zitarudi?

"Hapa kwa kuzunguka tutaokoa, Mama Mwende. Hapa panang'aa, hapana. Hapo kumeshafunga."

"Kama ningekuja mapema?"

"Ungekuja wakati ilikuwa inawasha tu, hungekuwa na hii shida kubwa hivi. Lakini hii inaanzanga utosini, mwenyewe haoni. Nani hukushughulikia nywele?"

Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi nikampigia Kagendo. Nimeyakumbuka mazungumzo yote na nitayakumbuka mpaka nizikwe.

"Kagendo, ulikuwa umeona utosi wangu iko na shida?"

"Ile mahali? Ai, si hiyo ni ya kitambo! Hata Mwende hakuwa amezaliwa. Ilikuwa kadogo tu kama kifuniko ya soda."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia aje na wewe ni bibi ya ndugu yangu? Kichwa ya mtu haiongelewangi hivyo, utamwaibisha. Si nilikuwa nakufunikia vizuri? Hakuna mtu alikuwa anajua."

"Na mama yake Mutwiri alijua aje?"

Nikasikia drier ya nywele ikivuma huko saluni.

"Mama ni mama," akasema. "Ilibidi nimwambie, juu niliogopa isikuwe ile ugonjwa, na Mutwiri ni damu yangu."

Nikakata simu.

Wakuu, mmeona? Kuniambia mimi ni aibu. Kumwambia mama mkwe si aibu. Kichwa changu kilijulikana Meru, kikajulikana Kibirichia, kikawekewa na kikombe. Aliyekuwa hajui ni mwenye kichwa peke yake. Na wakati huo wote mashina yalikuwa yanakufa moja moja chini ya weave nzuri.

Najua kuna watakaosema Kagendo alinionea huruma. Mimi huruma hiyo siitaki. Nimeichoka. Angeniambia siku ile nikiwa kwenye kiti chake, ningenuna, pengine nisingerudi saluni kwake mwezi mzima. Lakini ningekuwa na nywele.

Tulienda Kibirichia na majibu. Nilimweleza mama mkwe kila kitu, Mutwiri akatafsiri kwa Kimeru sehemu ngumu ili kusiwe na kisingizio. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole sana, mwana wakwa," yaani mwanangu. Akanishika mkono, na macho yake yalikuwa na machozi kweli.

Halafu akaenda jikoni akaniletea chai. Kwenye kikombe cha bluu.

Sikuinywa. Niliiacha mezani mpaka ikafanya ngozi juu, tukaaga tukaondoka.

Sasa nimenyoa zote. Sindano naendelea nazo Embu, na daktari anasema pembeni kumetulia. Juu kunang'aa na kutang'aa hivyo hivyo. Kitambaa nimekitupa. Wakulima wanaingia na jani lao moja, wanaangalia kichwa, wanaangalia chini, naendelea kuwafokea kama kawaida.

Kagendo alinitumia picha juzi. Wig mpya, ameniandikia inafunika kabisa, hakuna mtu atajua. Sijamjibu na sijui kama nitamjibu.

Nilichojifunza ni hiki. Utosi wako unaonwa na kila mtu isipokuwa wewe, kwa hiyo usiukabidhi kwa mtu unayemwamini tu, mkabidhi mtu atakayekuambia. Ukiwashwa mahali pamoja, pakiuma, nywele zikikatika hapo tu, usipake kitu. Nenda uonwe na daktari wa ngozi kabla hapajaanza kung'aa. Na nyinyi wasusi mlioko humu, mkiona kitu semeni, na mmwambie mwenyewe.

Dada zangu, kabla hamjaniandikia pole hapo chini, mwambieni mtu awapige picha ya utosi. Sasa hivi. Halafu mrudi mtuambie mmekuta nini, na nani alikuwa anajua.