Mbegu Zilizokwisha Kubarikiwa

Kwetu mbegu ilinuka moshi. Nyumbani, kijiji cha pili kutoka Mwazye, huko Ufipa, mahindi ya mbegu hayakuwekwa ghalani pamoja na ya kula. Mama aliyafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko mpaka yakawa meusi kwa masizi, na hakuna mdudu aliyethubutu kuyasogelea. Mwaka ninaousimulia, baba aliamua kuezua nyasi za jiko ili apige bati. Mbegu zikashushwa kabla ya wakati, zikapukuchuliwa, zikatiwa kwenye kiroba na kuachwa kwenye kona ya stoo, chini kabisa, juu ya sakafu ya udongo. Mama alipokuja kukifungua kiroba kile, alinusa mara moja akakunja uso. Kulikuwa na uvundo. Kila msimu kabla ya kupanda alikuwa na kawaida ya kuviringisha punje chache ndani ya kitambaa chenye maji, akakiweka karibu na joto la meko, kisha akaangalia ngapi zimechipua na ngapi zimekufa. Mwaka ule alikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo.

Tatizo ni kwamba padre alikuja kigangoni kwetu mapema kuliko alivyotegemewa, na Misa ya kubariki mbegu ikasomwa kabla mama hajapata nafasi. Kila familia ilipeleka kikapu mbele ya altare, mahindi, maharage, ulezi, na maji ya baraka yakanyunyizwa juu ya vyote. Baba alikuwa katekista, kwa hiyo kikapu chetu kilikaa mbele kabisa. Mama aliimba siku ile kwa sauti kuliko wanakwaya wenyewe, na niseme wazi ili nisieleweke vibaya: katika nyumba yetu hakuna aliyesali kama mama. Tuliporudi akaloweka kitambaa chake. Baba akakiona pale mekoni, akauliza ni nini.

"Mama Deo, mbegu imeshabarikiwa," alisema. "Kuijaribu sasa ni kumjaribu Mungu. Watu wakisikia katekista anafanya hivi nyumbani kwake, watanielewaje?"

"Baba Deo, mimi Mungu simjaribu. Najaribu kile kiroba."

Baba hakutaka kusikia. Alikunjua kitambaa akazimimina punje kikapuni pamoja na nyingine, zikiwa zimelowa hivyo hivyo. Mpaka leo nikilikumbuka tendo hilo nakereka.

Mama alidhani ukombozi umefika pale kaka yake, Mjomba Kasiani, alipokuja kututembelea kutoka Sumbawanga mjini. Mjomba alikuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, na mama alimwomba kitu kimoja tu, azungumze na shemeji yake kwa utaratibu ili mbegu zijaribiwe. Lo! Mjomba aliketi, akapewa chai, akaanza na uumbaji wa dunia. Akauliza maji ya baraka yana kitu gani kisichokuwemo kwenye maji ya kisima. Akacheka. Baba akapandwa na hasira, naye akamuuliza hizo akili zake aliumbiwa na nani. Walibishana mpaka chai ikapoa na ikapashwa tena, na kuhusu kiroba kilichonuka uvundo hakuna aliyesema neno. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikimtazama mama, na kila Mjomba alipopata hoja nzuri ya kumfunga baba mdomo, niliona uso wa mama unazidi kukata tamaa. Kabla ya hapo huenda baba angelegea kimyakimya. Sasa kuijaribu mbegu kungekuwa kukubali mbele ya shemeji yake kwamba Mungu hayupo. Mjomba akaondoka kwa furaha ya mtu aliyeshinda, na sisi tukapanda.

Tulipanda kwenye matuta tuliyofukia nyasi tangu mvua za msimu uliotangulia, kama Wafipa wanavyolima, kazi ya kuvunja mgongo. Mvua haikutuangusha. Maharage ya mama yalitoka vizuri, kwa majirani kila kitu kilitoka, lakini mahindi yetu yaliota moja hapa na lingine kule, katikati udongo mtupu. Baba alisema tunapewa jaribu. Mjomba, aliporudi kutusalimia, alisema ushahidi ndio huu, kikapu kizima kimebarikiwa na hakikuota. Hapo ndipo nilipomsikia mama akipaza sauti kwa mara ya kwanza mbele ya kaka yake na mumewe.

"Mbegu imeoza kwa unyevu! Mungu hajaiozesha, wala hajashindwa kuiotesha. Nyie mnagombania Mungu, mimi nagombania ugali wa watoto."

Alizunguka kwa ndugu kuomba mbegu, akapanda upya tukiwa tumechelewa, na tulichovuna hakikufika mbali. Aliyelia njaa kuliko sote mwaka ule alikuwa kaka yangu Deo.

Ndiyo maana siku hizi nashindwa kuongea naye bila kupandisha sauti. Deo ananunua mazao pale Laela, amejiunga na kanisa lingine, na binti yake wa mwisho ana kifafa. Dawa zilikuwa zimemtuliza kabisa. Kisha mtoto akaombewa, na baba yake akamwachisha dawa, kwa maelezo kwamba kumpa dawa mtu aliyekwisha kuombewa ni kutia shaka. Juzi ameanguka tena, karibu na jiko la mkaa. Kwenye kundi letu la simu la ukoo, wajomba na wapwa wanabishana kama dini ni ujinga au sayansi ni kiburi, wanatumiana video, na hakuna aliyeuliza mtoto ameamkaje. Nilimpigia Deo nikamwambia shamba letu lilipandwa upya, lakini mtoto hapandwi upya. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba suala hilo atalipeleka kwenye maombi.

Kesho napanda basi la kwanza kwenda Laela. Dawa nimeshazichukua. Rozari nayo nimeiweka kwenye mkoba huo huo, na nitasali nikiwa nimemshikia mtoto kikombe cha maji. Atakayetaka nichague kimoja, anisubiri kwanza mtoto ameze.