Tuliamriwa Tuhesabu Viboko

Jamani, leo tumemchezea mkuu wa chuo msiba wake mwenyewe, naye amesimama anatutazama!

Sikilizeni. Anyosisye, tunayesoma naye ualimu hapa Ipyana, alifiwa na baba yake kule Ikolo. Akaomba ruhusa akazike. Mkuu, yule Mdachi, akamjibu: "Mwanafunzi ni mali ya chuo."

Mali! Kama mbuzi!

Akatoroka, akazika, akarudi mwenyewe.

Asubuhi hii askari wakamlaza uwanjani. Kiboko kikamchana mgongo, damu ikaingia mchangani. Sisi, majembe ya shamba la chuo mikononi, tukaamriwa tuhesabu kwa sauti.

Hakuna aliyehesabu.

Nyuma yangu mtu akapiga mguu chini. Mwingine naye. Mara sote tumeinua majembe kama mikuki, tunacheza ile ngoma ya wanaume wa kwetu msibani. Hata askari mmoja, Mnyakyusa mwenzetu, akatupa kiboko akaingia kucheza!

Mkuu akachomoa bastola. "Nani amekufa?"

Anyosisye akainuka, damu inamchuruzika.

"Bado, Bwana. Tukikuzika wewe, ruhusa tutamwomba nani?"

Risasi ikalia hewani. Hatukuacha kucheza.

Ninyi mngehesabu?